Alama ya Mia

Tanga, Jumapili mchana

Kwa dada yangu Veronika,

Shikamoo dada. Kabla hujasoma zaidi, angalia bahasha vizuri. Nimetia karatasi mbili. Hii ndefu ni yako peke yako, isome ukiwa shambani au zizini, popote ambapo Baba hasikii. Ile fupi yenye jina lake juu ndiyo utakayomsomea. Najua ataambiwa kwamba barua imefika, na najua atakuwa ameshakaa kwenye kigoda chake ametega sikio kabla hujaifungua. Ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu yeye hutaka uweke sauti kubwa, na nyumba nzima mnapanda pale kilimani penye mtandao kama mnakwenda ibadani. Sasa mtu atasema nini cha siri?

Mnaendeleaje? Magoti ya Mama yanasemaje na baridi hii ya sasa? Sokoni nilimsikia mtu akiongea Kiiraqw kwenye simu, nikamfuata mpaka kwenye vitunguu, nikamsalimia kama ndugu yangu wa damu. Kumbe ni mtu wa Dongobesh, analeta vitunguu saumu. Akaniambia mahindi ya Maretadu yamenyauka lakini ya kwetu Daudi bado yamesimama. Niambie kama ni kweli, maana wafanyabiashara wa vitunguu husema lolote.

Mimi ni mzima wa mwili. Mengine siwezi kuyaita mazima. Joto la huku sijalizoea hata baada ya mwaka na nusu, na watu bado wananiita Mwarusha. Nikiwaambia kwetu ni Manyara wananiuliza kama ni wilaya ya Arusha. Nimeacha kubishana. Kitu kimoja tu kilinifurahisha tangu mwanzo: huku maharage yanaiva upesi. Yale yale ya shangazi wa Maretadu mliyonifungia siku naondoka, nikayabandika asubuhi nikijua nitayala jioni kama kwa Mama. Saa sita yalikuwa yamepondeka. Nikasema basi, mkaa wa Tanga ni mkali. Likumbuke hilo la maharage, Dada, nitalirudia.

Sasa habari yenyewe. Kazi ya jiko sina tena. Leo ni wiki ya tano. Yote niliyokuwa nawaambia, kwamba jiko linakwenda vizuri na hoteli wanasifu kuku, yalikuwa uongo, na niliusema kwa sababu kila mara aliyeuliza alikuwa Baba. Sauti yake inafika kwanza, hata salamu hajamaliza: "Inashika joto?" Nami najibu, "Inashika, Baba." Nimechoka kusema hivyo. Nimechoka na mengi.

Wewe siku ile tunatengeneza kontrola ya kushika joto ulikuwa umekwenda kuvuna Maretadu, kwa hiyo nikueleze mwanzo mpaka mwisho, usije ukadhani nilifukuzwa kwa ulevi.

Mama Zuhura, aliyekuwa tajiri wangu, ni mjane anayeivisha kuku kwa moshi. Jiko lake ni friji la mtumba lililokufa. Chini ameweka koili ya umeme, juu ya koili sinia la unga wa mbao, na kuku wananing'inia kwenye vyuma, wanaiva polepole huku wakila moshi. Aliniajiri kwa sababu mbili. Nilimwambia nimekua nikimwangalia mama yangu akifukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, kwa hiyo moshi naujua kwa pua. Na nilimwambia baba yangu ametengeneza chombo cha kushika joto. Kabla yangu yeye alikuwa anafungua mlango, anaingiza kiganja, anavuta uso, kisha anazima au anawasha. Ndiyo ilikuwa kontrola yake.

Hiyo ya Baba tuliitengeneza macho yake yakiwa bado yanaona kidogo. Sensa, kile kidude kinachohisi joto, aliitoa kwenye mashine fulani iliyotupwa misheni, rilei, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe, kwenye stabilaiza iliyoungua, na taa nyekundu kwenye redio ya katekista ambaye mpaka leo hajui ilikokwenda. Umeme hatukuwa nao, tukatumia betri ya gari. Kazi yake ni rahisi kuielewa: unazungusha swichi mpaka kwenye alama ya joto unalotaka, taa inawaka na koili inapata moto. Joto likifika kwenye alama, rilei inalia ta, taa inazimika, koili inapumzika. Likishuka, inawasha tena yenyewe. Uzima wote wa chombo uko kwenye zile alama. Alama ikikosea, chombo kitatii kosa kwa uaminifu wote.

Baba alipiga alama hivi. Mama alikuwa ameinjika sufuria ya maji ya ugali. Baba akaivisha sensa mpira wa baiskeli isiingie maji, akaichovya. Mimi nikakaa na kalamu juu ya kadi iliyobandikwa chini ya swichi. Nikataka kupiga alama mapema, akanizuia.

"Ngoja, usikimbilie. Maji hayajachemka mpaka mama yako aseme yamechemka."

Mama akasema, "Yamechemka, nini tena! Mnanimalizia kuni."

Baba akazungusha swichi taratibu mpaka ikalia ta. Akasema, "Piga hapo. Andika mia." Nikaandika mia, Dada, kwa mkono wangu huu.

Kisha akataka alama ya chini. Mganga wa zahanati alikuwa amemwambia mwili wa mtu mzima una joto la thelathini na saba, basi akamtia Mama sensa kwapani. Mama akapiga kelele kwamba kidudu kina baridi, na akipigwa shoti nani atatupikia. Tulicheka mpaka Baba akafuta machozi kwa ile kofia yake. Kutoka thelathini na saba mpaka mia akagawa kwa rula yangu ya shule, mistari myembamba, sawasawa kama nywele zilizosukwa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na ndiyo ya mwisho aliyoiona kwa macho yake.

Siku naondoka akanishika mkono pale kituoni. Akasema, "Wakikuuliza nani amepiga hizi alama, taja jina langu. Sema ni baba yako, fundi redio wa Daudi. Usione aibu."

Nilipofika huku kazi haikuwa nyepesi. Mwanzoni joto lilikuwa halitulii. Taa inazimika kwenye themanini, lakini koili bado nyekundu, joto linaendelea kupanda. Kisha linashuka mno kabla rilei haijaamka. Kuku mmoja anakauka, mwenzake anatoa jasho. Nikahamisha sensa kutoka karibu na koili nikaileta usawa wa mapaja ya kuku. Nikaweka feni ndogo ya kompyuta mbovu isukume moshi. Nikaweka kopo la mchanga chini, ili joto lipate mahali pa kukaa. Kuna skrubu moja ndogo ndani ya kontrola, ukiigeuza unyoya mmoja tu rilei inakuwa na haraka au inakuwa mvivu. Skrubu hiyo niliigeuza majuma matatu. Mwishoni joto likatulia. Lilitulia vizuri kabisa, Dada, ningetamani Baba angeona. Tatizo ni kwamba lilitulia mahali pasipo pake, na mimi sikujua.

Mama Zuhura akapata hoteli. Si kibanda, hoteli yenye mnunuzi wake, kijana mtaratibu anaitwa Shabani, anayetembea na kipimajoto cha sindano. Sharti lao ni moja: ukichoma sindano kwenye paja, karibu na mfupa, isome sabini na tano. Mimi niliweka jiko kwenye alama ya themanini kama tulivyokubaliana, nikawaacha kuku saa zote walizotaka. Shabani akachoma sindano. Sabini na moja. Karibu na mfupa nyama ina wekundu. Akarudisha mzigo wote, kwa heshima, bila neno baya.

Mara ya pili sabini na mbili. Akarudisha.

Mama Zuhura akaniambia, "Fundi, ongeza kidogo basi. Weka themanini na tano tumalize."

Hapa ndipo nilipojiua mwenyewe. Nikakataa. Nikamwambia themanini ni themanini, na kama sindano inasema vingine basi sindano ndiyo mbovu. Sikukataa kwa sababu ya kuku. Nilikataa kwa sababu kuongeza ilikuwa ni kusema Baba amekosea. Unaijua tabia yangu, ulinilea mgongoni. Mtu akigusa kazi ya Baba masikio yangu yanaziba.

Mara ya tatu Shabani alipokuja nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwambia mbele ya Mama Zuhura, mbele ya wasichana wawili wanaonyonyoa kuku, na mbele ya jirani aliyekuja kuomba kiberiti akabaki kutazama: "Leo tupime. Maji yanachemka kwenye mia, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Tutaingiza sindano yako na sensa yangu kwenye sufuria moja, tuone nani mwongo." Nikaongeza na lile la Baba, kwa sauti, kifua mbele: "Alama hizi amezipiga baba yangu, fundi redio wa Daudi, Mbulu."

Shabani akasema, "Haina neno, tupime."

Sufuria ikawekwa juu ya jiko la mkaa. Nikaweka swichi kwenye mia. Taa nyekundu ikawaka. Tukakaa tukitazama maji. Viputo vidogo vikaanza kushika chini ya sufuria, juu maji yametulia, mvuke kidogo tu. Na hapo rilei ikalia ta. Taa ikazimika.

Maji yalikuwa hayajachemka. Kila mtu aliona hayajachemka. Sindano ya Shabani ilikuwa inasoma tisini na nne. Nikasema labda waya umelegea, nikatikisa, nikazungusha swichi mbele kidogo na kuirudisha tena mia. Ta. Wakati huo ndipo maji yakaanza kuchemka kweli, yanaruka, na sindano ikapanda ikasimama kwenye mia bila kutikisika. Msichana mmoja akacheka, mwenzake akamfinya. Yule jirani akasema, "Baba yako huyo alipima kwa macho?" Hakujua anachosema. Nilitamani ardhi inimeze.

Shabani hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alifuta sindano yake kwa kitambaa akamwambia Mama Zuhura kwamba hoteli itatafuta mtu mwingine. Mama Zuhura akamfuata mpaka barabarani akimbembeleza. Aliporudi alikuwa amelia. Akaichomoa kontrola kwa mkono wake, akaitia kwenye mfuko, akanipa. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Ila nilikuambia uongeze." Kweli aliniambia.

Nikakaa ndani siku mbili. Ya tatu nikaenda kwa Mwalimu Abeli, mstaafu ninayepanga uani kwake, nikamweleza yote nikitegemea aniambie sindano ilikuwa na uchawi. Akaniuliza tu, "Kwenu ni juu? Kule kwenye baridi?"

Nikasema, "Juu, ndiyo."

"Basi maji ya kwenu hayangoji mia. Hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji, yanachemka mapema. Daudi yatachemka kwenye tisini na nne hivi. Maharage kwenu yanaiva kwa muda gani?"

Nilimwona Mama akichochea maharage tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, maji yanatokota kutwa nzima na maharage magumu, na sisi tunasema ni mbegu, tunasema ni kuni mbichi. Jibu lilikuwa jikoni kwetu miaka yote. Mimi kidato cha pili nilisoma fizikia bila mwalimu, na Baba hakusoma kabisa. Kwa hiyo Baba hakudanganya na Mama hakudanganya. Maji yalichemka kweli. Namba ndiyo haikuwa yetu.

Nikachukua kadi mpya, nikapiga alama upya kwa rula, mia nikaiandika tisini na nne na zile za katikati nikazivuta zifuate. Kazi ya dakika kumi. Nikakimbia kwa Mama Zuhura. Akanikaribisha vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, lakini jikoni kwake tayari kulikuwa na kontrola ya dukani, ndogo, inaandika namba kwa taa ya kijani, na fundi mwingine amekaa kwenye kiti changu. Akanipa chai na paja la kuku. Nikalila lote, Dada, kwa njaa, na lilikuwa limeiva mpaka kwenye mfupa.

Sasa nabeba mbao kwenye kiwanda kilekile nilikokuwa nachukua unga wa mbao. Wakiniona wananiita fundi, kwa utani. Kurudi nyumbani siwezi kwa sasa, na nikisema kwa sasa sina maana kwamba kuna siku naiona mbele. Siioni. Ile ndoto ya kuja na jiko letu wenyewe, tuliweke Katesh, Baba akae pale mlangoni akisikiliza rilei, usiitaje tena mbele ya Mama. Imekwisha.

Ningeweza kunyamaza na haya yote nikafa nayo. Nimeandika kwa sababu ya simu ya wiki iliyopita. Baba alisema kwa furaha, sauti yote ya zamani imerudi, kwamba nguzo za umeme zimefika Endasak na kuna muuza nyama amesikia habari za kontrola yangu ya Tanga, naye anataka jiko la moshi, na amemwagiza Baba atengeneze ya pili. Habari hiyo ameitoa wapi? Kwenye uongo wangu. Na Baba akasema vipande anaviunga kwa vidole, kilichobaki ni kupiga alama, na "Veronika atakuwa macho yangu."

Dada, huyo wa Endasak atauzia watu nyama. Atawalisha watoto. Alama zikipigwa kama zetu, wekundu utabaki kwenye mfupa, na siku mtu akiugua watakuja kumtafuta mzee kipofu wa Daudi. Lazima zipigwe sawa.

Mwalimu Abeli ananiambia nimweleze Baba ukweli, si kosa lake. Rahisi kwake kusema. Yeye hajamsikia Baba akiuliza kama inashika joto. Tangu macho yazime hana kitu kingine cha kushika duniani isipokuwa chombo kile kilichoko Tanga. Nikimwambia, atanisamehe mimi palepale, lakini chuma cha kulehemu hatakishika tena. Namjua. Ataweka vitu vyake vyote kwenye lile sanduku na atakaa pale nje anasubiri.

Kwa hiyo nakuomba jambo baya. Siku mtakapochemsha maji, Mama atasema yamechemka, Baba atazungusha swichi mpaka ilie, atakuambia andika mia. Wewe andika tisini na nne. Kwapa liache kama lilivyo, hilo halikosei. Ukigawa, gawa kutoka thelathini na saba mpaka tisini na nne, hesabu mara mbili. Akikuuliza umeandika ngapi, mwambie mia. Atapitisha kidole juu ya kadi, lakini wino hauna kimo.

Najua hujawahi kumdanganya. Mimi nimekwishazoea, wewe ndio kwanza unaanza. Nisamehe. Karatasi hii ukimaliza itie motoni.

Mdogo wako,
Paskali

*

Kwa Baba

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Mimi mzima, nakula, nafanya kazi, nguvu ninazo.

Umeuliza kila mara kuhusu kontrola. Kadi uliyoigawa kwa rula ninayo, haijachanika hata ncha, nimeifunga kwenye nailoni. Niliishindanisha na kipimo cha hoteli mbele ya watu wengi, na nikawaambia kama ulivyoniagiza ni nani amepiga alama. Wote wanalijua jina lako. Tajiri wangu Mama Zuhura alisema hajaona jiko lililotulia kama lile.

Nisalimie shangazi wa Maretadu mwenye maharage, mwambie yalinilisha mwezi mzima. Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, na bibi aliyekuwa ananiombea nisipande basi linalokimbia. Katekista msalimie pia, ila habari za taa ya redio tuziache. Mama aoge maji ya moto, magoti yasimtese.

Nimefurahi kusikia habari ya Endasak. Vipande uunge mwenyewe, mkono wako unajua. Kalamu mwachie dada, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Wewe usihangaike na kadi, Baba. Kaa karibu na sufuria usikilize maji. Ukisikia yamechemka, sema mia. Dada ataandika.

Mwanao,
Paskali